Jina Hukaa, Nyumba Huhama

Mji ulioitwa Porto Amélia zamani za Wareno uliitwa Pemba baada ya Msumbiji kujitawala mwaka 1975. Mji ulibaki pale pale. Kilichobadilika ni jina. Katika intaneti mambo huwa kinyume: jina hukaa, nyumba ikahama. Asiyelijua jambo hili aweza kupoteza barua na wateja wake bila kufahamu sababu.

Kila kompyuta iliyo katika mtandao hutambulikana kwa tarakimu. Kwa kuwa binadamu si hodari wa kukariri tarakimu, mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu uitwao DNS. Huo ni mfano wa daftari kubwa: ukilipa jina, lenyewe hukupa tarakimu. Msumbiji ilipata herufi zake, .mz, mwaka 1992, na usajili ukawekwa katika Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo.

Tuchukue mfano wa mama wa Palma mwenye nyumba ya wageni, tovuti na barua pepe. Mji ulipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbia, wengi wakafika Pemba kwa vyombo vya baharini. Mama huyu akaacha kila kitu nyuma yake, lakini jina lake la intaneti halikuungua wala kuporwa. Jamaa na wateja waliomtafuta waliweza kumwandikia kwa anwani ile ile. Walakini hayo yawezekana kwa sharti moja: jina liwe limeandikishwa kwake mwenyewe. Ikiwa kijana aliyetengeneza tovuti aliliandikisha kwa jina lake, akashika na neno la siri, naye sasa hajulikani alipo, basi mlango upo lakini ufunguo umepotea.

Hapana budi, basi, mwenye jina azifahamu kumbukumbu nne za daftari lake:

1. NS huonyesha ni kampuni gani inayotunza daftari lenyewe.

2. A huonyesha tarakimu za kompyuta iliyoweka tovuti.

3. MX huonyesha kompyuta ipokeayo barua. Hii ni mbali na ile ya tovuti. Wengi huhamisha tovuti wakafuta kumbukumbu zote kwa pamoja. Tovuti ikapendeza, barua zikakoma kufika.

4. TXT ni ya maelezo. Humo hutajwa, pamoja na mengine, kompyuta zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Ikikosekana, barua zako zaweza kudhaniwa kuwa za matapeli, zikatupwa.

Kila kumbukumbu ina muda wake, uitwao TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Ukiandikwa 86400, kompyuta za wengine zaweza kushika jibu la zamani kwa siku nzima. Kwa hiyo anayetaka kuhama aupunguze kwanza hadi 300, yaani dakika tano, kisha angoje siku hiyo ipite ndipo abadilishe. Nyumba ya zamani asiifunge mpaka ahakikishe kwamba barua zinafika kwenye mpya.

Mwisho, chukua daftari la kawaida la karatasi. Nakili kumbukumbu zako zote kama zilivyo, jina la kampuni iliyokuandikisha, na tarehe ya kulipia tena, maana jina lisilolipiwa huweza kuchukuliwa na mwingine. Neno la siri liandike mahali pengine, na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini ajue lilipo. Nakala nyingine mpe ndugu aliye mji mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina, kwa aliyelazimika kuhama kwake, ni mali.