Panya wa Kopo na Panya wa Kizimba

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kaleta mgeni nyumbani. Mtazame kabla hajalala kwangu usiku wa pili."

Mjukuu akaweka mezani kopo la maziwa ya unga, mfuniko umetobolewa kwa msumari. Ndani alikuwamo panya. Walikuwa wameteremka naye kutoka Mbaga hadi hapa mjini Same, safari nzima kopo limepakatwa.

Nikavaa glavu nene, nikamgeuza. Mgongo wa kahawia, tumbo la kijivu, na chuchu zimejipanga safu mbili kuanzia kifuani hadi kinenani. Tukazihesabu na mtoto: 20. Panya mdogo wa nyumbani, ambaye ndiye afugwaye duniani kote, ana chuchu 10 tu. Huyu alikuwa panya shamba, yule anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota.

Ukali si tatizo, hata panya shamba huzoea mkono. Tatizo ni kwamba hujui alikopita wala alichobeba. Viroboto wa panya hueneza tauni, na majirani zetu wa Usambara wanaijua: iliibuka Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi kwa miaka zaidi ya 20. Homa ya mgunda nayo hupitia mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, ilipotangazwa mwezi Julai walikuwa wameugua watu 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Kwa hiyo panya wa kufuga ni yule aliyezaliwa kizimbani, na wazazi wake vilevile. Kabla ya kumchukua, mwombe mfugaji akuonyeshe mama yake.

Kizimba chake kiwe na sakafu isiyopitisha mkojo na wavu wa matundu madogo, kwani tundu linalopitisha penseli humpitisha na panya mchanga. Usitumie mbao tupu, atazitafuna, na meno yake hayaachi kukua maisha yote. Mpe gunzi la mahindi au kijiti kikavu ayapunguzie hapo. Chini tandika vipande vya karatasi na nyasi kavu. Maranda ya msindano yana harufu kali inayomdhuru, na pumba za mpunga, hata ukizipata bure Ndungu, zina vumbi. Badilisha matandiko kila wiki, mapema zaidi ukisikia harufu kali puani. Hiyo ni amonia itokanayo na mkojo, nayo huchoma mapafu. Panya anayepumua kwa kukereza au kutoa machozi mekundu anaumwa.

Hali ya hewa ya wilaya yetu ina pande mbili. Huku tambarare adui ni joto. Panya hatoi jasho kama sisi wala hahemi kama mbwa, hujipaka mate kwenye manyoya ili apoe. Chumba cha bati kikivuka nyuzi 32 saa nane mchana, utamkuta amejitandaza kifudifudi, hana nguvu. Laza chungu kidogo cha udongo ndani ya kizimba ajifiche humo, na weka kizimba mbali na dirisha la jua. Kule juu Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, adui ni ukungu na unyevu. Huko mwongezee karatasi na nyasi, atajishonea kiota mwenyewe.

Chakula ni kidogo: gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mtama, mahindi yaliyovunjwa, punje chache za alizeti, kipande cha dagaa kisicho na chumvi. Karanga ziwe zawadi tu, kwa sababu humnenepesha. Maji yasikose hata kwa saa moja.

Panya wengi hawachimbi shimo, na madume mawili hayakai kizimba kimoja bila kung'atana. Fuga majike mawili au matatu, kwani mmoja peke yake hudhoofika kwa upweke. Ukichanganya dume na jike, ujue mimba ni siku 19 hadi 21, watoto 6 au zaidi, nao wakifika wiki 6 huwa tayari kupandana. Wakati wa kumshika, mchote kwa viganja viwili, usimvute mkia. Kisha nawa kwa sabuni.

"Daktari," mtoto akauliza, "huyu akizaa ndani ya kizimba, si watoto wake watakuwa wa kufuga?"

Swali zuri. Ndivyo walivyoanza panya buku wa shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mababu zao walikamatwa porini. Magawa, mmoja wao, aliyezaliwa huko mwaka 2013 na kutunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, aliguswa na kuzoezwa na watu tangu utotoni. Lakini kati ya pori na Magawa kuna miaka ya ufugaji na madaktari wa kuwapima. Jikoni kwa bibi hamna hivyo.

Mjukuu aliondoka na kopo tupu. Walipofika mlangoni, bibi ndiye aliyegeuka kuuliza bei ya wavu.