Mistari ya Punda Milia na Wino wa Kidoleni

Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tukiwagawia watoto chai na mandazi, msichana mdogo aliyekuwa akipaka rangi picha ya punda milia alituuliza swali: "Kama wote wana mistari, mtoto anamjuaje mama yake?" Akina mama tuliokuwa pale tulicheka, kisha tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tulikwenda kutafuta jibu, na tukalipata. Punda milia anapozaa, huwazuia wenzake wasimkaribie mtoto kwa siku za mwanzo. Mtoto huyo mpya, ambaye husimama kwa miguu yake muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, humtazama mama yake peke yake, humnusa na kumsikiliza, mpaka mistari yake, harufu yake na sauti yake vimkae kichwani. Baada ya hapo hawezi kumchanganya na mwingine. Hakuna punda milia wawili wenye mistari inayofanana kabisa, kama vile hakuna watu wawili wenye alama za vidole zinazolingana.

Lakini tulipokuwa tukitafuta jibu la mtoto tulikutana na jambo jingine ambalo halijatutoka moyoni. Siku hizi kompyuta nayo imefundishwa kumjua punda milia mmoja mmoja kwa mistari yake. Na sababu ya kuifundisha sisi wauguzi tunaielewa vizuri sana.

Daftari lililotudanganya

Miaka mingi iliyopita, katika kituo kimoja tulichofanyia kazi, daftari la chanjo lilionyesha kwamba karibu watoto wote wa eneo lile wamechanjwa surua. Tulifurahi, tukapongezana. Kisha surua ikaingia, na wodi ikajaa watoto wenye macho mekundu na upele. Tulipofuatilia tukagundua kosa. Akina mama waliohama na mifugo walikuwa wakipoteza kadi. Walipofika kituo kingine walipewa kadi mpya na mtoto akaandikwa upya. Mtoto mmoja akawa wawili katika hesabu, na yule ambaye hakuwahi kufikiwa akajificha nyuma ya jina la mwenzake. Hakuna aliyetumwa kumtafuta, kwa kuwa hesabu ilisema yupo.

Ndiyo maana katika kampeni za chanjo ya polio mtoto hupakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Ukimkuta na wino unajua huyu amekwisha kuhesabiwa.

Sasa hebu fikiria kazi ya kuhesabu wanyama wa porini. Hawana kadi, hawapangi foleni, na wanatembea usiku. Ukiwaona punda milia 20 asubuhi upande huu wa kilima, na 20 jioni upande wa pili, je, ni 40 au ni wale wale? Kwa miaka mingi wataalamu walikadiria tu, wengine wakiwa ndani ya ndege ndogo, na makadirio yalipishana.

Punda milia wa kaskazini

Wengi wetu tunamfahamu punda milia wa kawaida, yule wa Serengeti na Maasai Mara. Kuna mwingine anayeitwa punda milia wa Grevy, aliyepewa jina hilo mwaka 1882 kwa heshima ya Jules Grévy, rais wa Ufaransa wa wakati huo. Huyu ni mkubwa zaidi, mistari yake ni myembamba na iliyokaribiana, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni makubwa ya mviringo. Makazi yake ni nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, yaani Samburu, Isiolo, Marsabit na Laikipia, na wachache wako Ethiopia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi zao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini malisho yalizidi kuchoka na maji yakazidi kugombaniwa. Leo waliobaki wanakadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000 tu.

Mama mpendwa, maisha ya punda milia huyu yatakugusa. Hubeba mimba kwa miezi 13 hivi. Asiyenyonyesha anaweza kukaa siku kadhaa bila maji, hata tano, lakini anyonyeshaye hawezi. Lazima anywe kila siku au kila baada ya siku moja, la sivyo maziwa yanakauka. Kwa hiyo hulazimika kukaa karibu na kisima, mahali ambapo simba hungoja na mifugo hujaa. Mtoto mchanga hanywi maji kwa miezi kama mitatu ya mwanzo, hivyo mama humwacha pamoja na watoto wengine, mara nyingi dume mmoja akiwa karibu nao, naye huenda kisimani na kurudi mbio. Sisi tuliowahi kuacha mtoto kwa jirani tukakimbilia zamu ya asubuhi hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo.

Ndipo linapokuja swali kubwa. Kujua idadi peke yake hakutoshi. Kundi la punda milia 100 wazee, wasio na watoto, ni kundi linalokufa, hata kama ukilitazama kwa mbali linapendeza. Kwa hiyo ni lazima kujua wangapi ni majike, wangapi ni watoto, na watoto wa mwaka jana wangapi bado wako hai mwaka huu. Ni maswali yale yale ya kliniki ya mama na mtoto.

Siku mbili za Januari

Tarehe 30 na 31 Januari 2016, watu zaidi ya 500 walitawanyika kaskazini mwa Kenya wakiwa na kamera zinazoandika kwa setilaiti mahali na saa ya kila picha. Walikuwamo watafiti na askari wa wanyamapori, lakini wengi walikuwa raia wa kawaida, wakiwamo wafugaji. Sharti lilikuwa moja, nalo ni kumpiga picha kila punda milia wa Grevy utakayemwona, upande wake wa kulia. Kwa nini upande mmoja? Kwa sababu mistari ya kulia na ya kushoto hailingani, na ukichanganya pande utampa mnyama mmoja majina mawili. Tulitabasamu tuliposoma hilo, tukakumbuka lile daftari letu.

Picha zilizopatikana zilizidi 40,000. Nani angekaa chini kuzilinganisha moja moja? Hapo ndipo kompyuta iliposaidia. Profesa Tanya Berger-Wolf, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa amefika Kenya miaka ya nyuma pamoja na Profesa Daniel Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye amewachunguza punda milia kwa miaka mingi. Wao na wenzao walitengeneza programu ambayo kwanza humtafuta mnyama ndani ya picha na kuacha nyasi na vichaka, kisha husoma jinsi mistari inavyopinda na kugawanyika ubavuni na pajani, halafu huilinganisha na mistari ya wote waliokwisha kuandikishwa. Ikikuta anayefanana husema, "Huyu tunamjua." Isipomwona, humfungulia jalada jipya. Inapokuwa na mashaka, mtu huamua.

Kwa nini siku mbili? Hili lilitusumbua mpaka tulipolijaribu jikoni. Tulichukua sufuria ya maharage kavu. Tukachota 60, tukayatia alama ya mkaa, tukayarudisha na kuchanganya vizuri. Tukachota 60 mengine bila kuangalia. Kati ya hayo, 12 yalikuwa na alama, yaani moja katika kila matano. Basi yale 60 ya kwanza nayo ni kama moja ya tano ya sufuria nzima, na sufuria ina maharage 300 hivi. Tuliyahesabu yote, moja moja, yakawa 311. Si vibaya kwa akina mama walioacha hesabu darasani zamani! Punda milia walifanyiwa vivyo hivyo. Waliopigwa picha siku ya kwanza walitiwa alama na mistari yao wenyewe, na siku ya pili wakahesabiwa wangapi wameonekana tena. Jibu la mwaka 2016 lilikuwa 2,350. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018 lilitoa 2,812.

Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyechomwa sindano ya usingizi, wala aliyefungwa mkanda shingoni.

Nani aliifundisha mashine?

Watu wengi wakisikia "akili bandia", au "akili mnemba" kama wengine wanavyoiita, hudhani ni kitu kilichojizalia maarifa. Sivyo. Mwanafunzi wa uuguzi hawezi kuutambua upele wa surua kwa kuelezwa kitabuni tu. Anaonyeshwa mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa ishirini, anakosea, anasahihishwa, mpaka jicho linazoea. Mashine nayo hufundishwa hivyo hivyo, ila inahitaji mifano maelfu kwa maelfu.

Mfano mzuri uko Tanzania. Kuanzia mwaka 2010, mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliweka kamera 225 ndani ya Serengeti, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Picha zilifika mamilioni, na takriban tatu kati ya kila nne hazikuwa na mnyama yeyote, ila nyasi zilizotikiswa na upepo. Watu wa kujitolea zaidi ya 28,000, wakiwa majumbani mwao sehemu mbalimbali za dunia, walizitazama na kuandika: huyu nyumbu, huyu fisi, hapa hamna kitu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kwa picha milioni 3.2 za kazi hiyo. Iliweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi ule ule wa wale wa kujitolea, na ikaokoa muda ambao mtu mmoja wa ajira angeutumia kwa zaidi ya miaka minane. Sifa nyingi zimekwenda kwa mashine. Sisi tungependa wale 28,000 nao washukuriwe.

Kisa kingine ni cha papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoadoa anayeonekana karibu na kisiwa cha Mafia. Njia ya kumtambua kwa madoa yake ilitokana na hesabu ambayo wataalamu wa anga waliitumia kulinganisha picha za nyota. Tulipowasimulia watoto wa shule ya Jumapili, walidai kuchora papa mwenye nyota mgongoni, na rangi ya bluu ikatuishia.

Mambo yanayotutia wasiwasi

Muuguzi hufundishwa mapema kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje ya jalada. Habari za wanyama nazo zimekuwa hivyo. Anayejua mahali faru alipo kwa saa hii anaweza kumlinda, na anaweza pia kumuua. Mwaka 2013 huko India, mtu fulani alijaribu kuingia kwa hila katika barua pepe zenye habari za mkanda wa setilaiti wa chuimilia mmoja wa hifadhi ya Panna. Hakufaulu, lakini onyo lilikuwa limetolewa. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitembelea mbuga na familia ukampiga faru picha kwa simu, usiitume kwenye kundi la jamaa ikiwa na jina la mahali na saa.

Tena, kuhesabu si kutibu. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 kimeta kiliingia eneo la Wamba, Samburu, kikaua punda milia wa Grevy zaidi ya 50. Hakikuzuiwa na kompyuta. Kilizuiwa na madaktari wa mifugo waliowachanja punda milia pamoja na maelfu ya mifugo ya wenyeji, kwa maana kimeta hakiulizi huyu ni wa porini au wa bomani, na binadamu anayekula mzoga naye hakimwachi. Na katika ukame wa mwaka 2022, ripoti ya serikali ya Kenya iliyotolewa Novemba ilitaja punda milia wa Grevy 49 waliokufa, pamoja na tembo 205. Orodha ilikuwa safi kabisa. Nyasi hazikuwapo. Waliobaki waliletewa nyasi kavu, marobota kwa marobota, na watu wenye mikono na magari.

Huko Samburu wako pia akina mama, wengine hawakupata nafasi ya kwenda shule, ambao wamefunzwa kutembea nyikani na kuandikisha punda milia waliowaona, mahali walipo na kama wana watoto. Wanajua kisima kipi kimekauka kabla ya setilaiti yoyote kusema. Tungefurahi kuona kila mtaalamu anayeleta mashine mpya akianza kwa kuketi nao na kuwasikiliza, na matokeo yakirudishwa kwao kwa lugha wanayoielewa. Daftari likiishia mjini halimsaidii aliyeliandika.

Jumapili iliyofuata tulimjibu yule msichana. Alisikiliza, akafikiri, akauliza kama kompyuta nayo inajua ni nani mama wa nani. Tulimwambia kwamba inamjua kila mmoja kwa mistari yake, lakini aliye mama wa nani hutambuliwa na watu wanaokaa porini na kuona nani ananyonyeshwa na nani. Akarudi kwenye picha yake na kumchorea punda milia wake mtoto.

Yale maharage tuliyaosha mkaa, tukayapika na nazi.