Nyumba Isiyouzishwa na Deni Lisilokufa

Mtu akikuuliza: «Mali ya jamaa yenu ni nini?» utamujibu namna gani? Wengine watasema: ni lupango, ni motokari, ni feza baba aliyopata kwa mwisho wa kazi. Mwezi huu twende mbali, mpaka vijiji vya milimani katika inchi ya Indonesia, tukaone watu wenye kujibu ulizo hili kwa namna yao.

Indonesia ni inchi ya visiwa zaidi ya 17 000, mashariki ya Bahari ya Hindi. Wakaaji wengi ni Waislamu. Lakini katika milima ya kisiwa cha Sulawesi kunakaa Watoraja, na wengi wao ni Wakristo, tena Waprotestanti sawa sisi. Kutoka mji mkubwa wa Makassar mpaka Rantepao ni kilometri zaidi ya 300. Bisi inapanda milima karibu masaa 8. Kutoka pale kwenda vijiji vya mbali, njia ni mawe na matope, kwa pikipiki ao kwa miguu. Watu wanalima mupunga kwa mashamba ya maji yaliyokatwa sawa ngazi kandokando ya milima. Wanalima kahawa, wanafuga nguruwe na nyati wa nyumbani anayeitwa tedong. Huyu si mbogo wetu wa pori. Ni mnyama mpole, hata mtoto anamuongoza kwa kamba ya pua.

NYUMBA YA WOTE

Katika kijiji cha Toraja, kitu unachoona mbele ni nyumba kubwa ya mbao, paa lake limeinuka huku na huku sawa mashua. Jina lake ni tongkonan, maana yake nyumba ya kuikaa pamoja. Uso wake unaangalia kaskazini, na mbele yake zinasimama ghala za mupunga. Kuta zimechorwa kwa rangi nyeusi, nyekundu, manjano na nyeupe. Kwa nguzo ya mbele wanafunga pembe za nyati waliochinjwa kwa vilio, moja juu ya ingine. Pembe hizo ni daftari la heshima ya jamaa.

Mwenye nyumba ni nani? Si mtu mmoja. Ni wote waliozaliwa na bwana na bibi walioijenga mara ya kwanza, kwa upande wa watoto wanaume na kwa upande wa watoto wanamuke pia. Binti anarithi sawa ndugu yake. Basi, mtu mmoja anaweza kuwa na fungu katika nyumba nyingi, za kwao na baba na za kwao na mama. Siku paa linaharibika, wote wanaitwa kuchanga, hata wenye kukaa mbali. Kondo la nyuma la mtoto linazikwa kando ya nyumba, ili hata akienda mbali namna gani, ajue kwake ni wapi.

Nyumba kama hiyo haiuzishwi. Nani atauzisha kitu kilicho cha waliokufa na cha watakaozaliwa?

KILIO CHENYE KULA MASHAMBA

Lakini kuna upande wa pili. Mtoraja akikufa, hazikwi mbio. Anawekwa ndani ya nyumba, na watu wanamuita «mgonjwa». Wanamuletea chakula, wanamusemesha. Siku hizi wanamutia dawa ili mwili usiharibike. Anaweza kulala hivyo miezi, hata miaka, mpaka jamaa ipate feza ya kilio.

Na kilio chenyewe ni kitu kikubwa! Kinaendesha siku nyingi. Kwa mtu wa ukoo wa heshima wanaweza kuchinja nyati 24 ao zaidi, pamoja na nguruwe wengi. Nyati mwenye madoadoa meupe na meusi anaweza kufika bei ya motokari.

Hapa ndipo mali inaingia. Kwa desturi ya zamani, watoto waligawanya mashamba ya mzazi kwa kadiri ya nyati ambao kila mmoja alimuchinjia. Mwenye kuchinja mingi, alipata shamba kubwa. Na nyama wanaoletwa na wengine wanaandikwa, sababu ni deni: siku watu wale watafiwa, utarudisha. Baba akikufa mbele ya kulipa, deni linashuka juu ya watoto. Ndiyo sababu wengine wanaweka mashamba rehani ili nyati waonekane uwanjani.

Tusiwachekelee. Kwa kilio hicho ndugu waliotawanyika wanarudi, wenye kukosana wanakula pamoja, na nyama inafika kwa kila nyumba. Lakini furaha ya siku tano inaweza kulipwa kwa miaka makumi.

VIJANA WA MIGODI

Vijana wengi wa Toraja wameacha kijiji. Wengine wako katika mgodi wa nikeli wa Soroako, ungali ndani ya kisiwa chao. Wengine wamevuka bahari mpaka Kalimantan na Papua. Nikeli ya inchi yao na kobalti ya kwetu zinakutana ndani ya batri za motokari. Ninyi wenye kukaa karibu na migodi munaelewa: mshahara unatoka mbali, unarudi kijijini kujenga paa na kununua nyati. Zamani nyati wakubwa walikuwa heshima ya wakubwa tu. Leo mtoto wa mtu mdogo naye anataka kuonekana.

KANISA LILIFANYA NINI?

Mwaka 1913 mmisionari Antonie van de Loosdrecht alifika kutoka Uholanzi na kufungua mashule. Mwaka 1917 aliuliwa kwa mkuki. Lakini mbegu ilibaki, na mwaka 1947 Kanisa la Toraja lilianza kujiongoza lenyewe. Dini ya zamani ilifundisha kwamba nyati wanasindikiza roho ya marehemu. Kanisa lilisema: marehemu hana lazima ya nyati. Hata hivi kilio hakikuisha. Wanasema ni heshima na upendo kwa mzazi. Vipande vya nyama vinauzishwa mbele ya watu kwa mwenye kutoa bei kubwa, na feza inasaidia kujenga makanisa na kazi za kijiji. Wakristo wenyewe wanabishana mpaka leo: tuchinje ngapi, na kwa nini?

NASI JE?

Nabothi alikataa kumuuzishia mfalme uriti wa baba zake (1 Wafalme 21). Binti za Selofehadi walidai fungu, na Mungu akasema wana haki (Hesabu 27). Mambo haya mawili Watoraja wanayashika kuliko wengi wetu. Kwetu, ni mara ngapi ndugu za marehemu wanauzisha lupango mbele ya matanga kuisha, na mjane na watoto wanabaki inje? Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inaweka watoto mbele katika kurithi, na inamupa mjane haki ya kukaa ndani ya nyumba. Mwenye kumufukuza anavunja sheria ya inchi na ya Mungu.

Tena Yesu aliwahamakia wenye kutoa sadaka huku wakiwanyima wazazi (Marko 7). Sanduku la bei kubwa kwa baba ambaye hatukumunulia dawa, ni heshima gani? Heshima ya mzazi ianze angali anapumua. Na deni la matanga lisile masomo ya mtoto.

Baba, mama, muandike mambo ya nyumba yenu mungali wazima. Muwaite watoto wote, binti na wavulana, muwaambie. Mbao inaoza na paa linaanguka, lakini jamaa yenye kuikaa pamoja inaweza kujenga tena.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, ni kitu gani kisichopaswa kuuzishwa?
2. Binti zetu wanajua fungu lao?
3. Kilio cha mwisho kilituachia amani, ao deni?