Sura ya Sita: Mbwa wa Kuokotwa Si Mkosi, Wala Si Mganga

Mtu wa Morogoro akiokota paka mweusi aliyetupwa jalalani, hasa akiwa mama mzee anayeishi peke yake, haichukui muda majirani huanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Uzushi huo umewaumiza wazee wengi wa nchi hii na nimechoka kuusikia. Weusi wa paka ni rangi aliyorithi kwa wazazi wake. Usiku hulia kwa sababu anatafuta dume au jike. Macho yake hung'aa kwa kuwa nyuma ya jicho lake pana utando unaorudisha mwanga, na mbuzi na ng'ombe wanao pia, wala hatujasikia ng'ombe akiitwa jini.

Kwa upande wa mbwa, wapo wanaoleta hoja ya dini. Mafundisho ya Kiislamu yameeleza habari ya mate ya mbwa na namna ya kujitwaharisha, na mwenye kuyafuata ana haki ya kuheshimiwa. Lakini mafundisho hayohayo yana mapokeo mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Anayempiga mbwa koko mawe asitafute kinga humo. Na wanaosema huruma kwa wanyama ni mambo ya Wazungu wajue kwamba Tanzania ina Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama, ya mwaka 2008.

Siku hizi umezuka upotofu wa upande wa pili: eti ukiokota mbwa, presha inashuka, sonona inaisha na dawa unaweka kando. Wanaosema hivyo hupenda kutaja utafiti wa Erika Friedmann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1980. Wagonjwa wa moyo 92 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walifariki 3. Kati ya 39 wasiokuwa nao walifariki 11. Tofauti ni kubwa, ila watu ni wachache, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mnyama ndiye aliyewaokoa. Mgonjwa wa presha aendelee kumeza vidonge vyake.

Faraja yenyewe ipo, na chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ndiyo homoni inayomsaidia mama kushikamana na mtoto anayemnyonyesha. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuleta matokeo hayo. Zaidi ya homoni kuna ratiba. Mjane ambaye wanawe wamehamia Dar es Salaam anaweza kulala hadi saa nne asubuhi bila mtu kumuuliza, lakini mbwa mwenye njaa humwamsha alfajiri, humtoa nje, na huko nje ndiko anakosalimiana na watu. Kwa aliyefiwa, kuwa na kiumbe kinachomtegemea ni msaada mkubwa.

Ila mbwa aliyezoea mateke hamfariji mtu siku ya kwanza. Atajificha uvunguni na huenda akauma. Kaa mbali, kaa chini, usimkodolee macho, weka chakula saa ileile kila siku, mwache akufuate mwenyewe. Mtoto wa mbwa huwazoea watu kwa urahisi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Akivuka hapo bila kuguswa kwa wema, kazi inakuwa ndefu, lakini inawezekana.

Mfano bora wa mnyama kujifunza kumwamini mtu tunao hapa mjini Morogoro, nao ni panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limefundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya huyu kwa mkulima ni adui wa mahindi na karanga. Pale vitoto vyake hushikwa mikononi mapema, huzoeshwa sauti, magari na harufu za watu, kisha hufunzwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula. Fimbo haitumiki. Baadhi hunusa makohozi na kugundua kifua kikuu ambacho darubini ya kliniki haikukiona. Wengine hutafuta mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia na kugundua mabomu 71 pamoja na vilipuzi vingine 38 ambavyo havikuwa vimelipuka. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, akastaafu 2021, akafa Januari 2022. Kama panya buku anaweza kumwamini mtu kiasi hicho, mbwa koko wa Msamvu hashindwi.

Sasa la lazima, na hapa siombi. Mbwa au paka uliyemwokota mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, apewe chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyopanga. Usimruhusu alambe kidonda ukidhani mate yake ni dawa. Virusi vya kichaa hupita humohumo, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mnyama akikung'ata, usipake mkaa wala usikate nywele zake uchome. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe.