Lifti ya Nyumbani: Pima Mwanya Kabla ya Ajali

KONA YA SHERIA

Siku hizi lifti haziko katika majengo ya ofisi pekee. Zinawekwa pia katika nyumba za familia zenye ghorofa mbili au tatu, hasa anapoishi mzee asiyeweza kupanda ngazi au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo, lifti za aina hii zina hatari moja ambayo wakazi wengi hawaijui. Katika makala haya, wakili wa kesi za majeraha anaieleza hatari hiyo, namna ya kuiondoa, na sheria inavyosema.

Sisi mawakili wa kesi za majeraha huitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Mahakama inaweza kuamuru fidia ilipwe, lakini fidia hairudishi uhai wa mtoto. Ndiyo maana ningependa wakazi wasome haya mapema, wala wasije kuyasikia kwangu baada ya msiba.

Hatari iko wapi?

Lifti nyingi za nyumbani huwa na milango miwili. Wa nje unafanana na mlango wa kawaida wa chumba. Wa ndani ni geti jepesi, mara nyingi la kukunjika, lililofungwa kwenye kibanda cha lifti chenyewe. Kati ya milango hiyo miwili hubaki mwanya.

Mtu mzima hawezi kutoshea hapo. Mtoto mdogo anaweza. Akiingia kwenye mwanya na mlango wa nje ukafungwa nyuma yake, mitambo huona milango yote miwili imefungwa na kudhani kila kitu ni salama. Mtu wa ghorofa ya juu akibonyeza kitufe, lifti hupanda huku mtoto akiwa amenaswa nje ya kibanda. Lifti haijaharibika; inafanya kazi yake kama ilivyopangwa. Fundi anaweza kuipitisha kuwa nzima, na hatari bado iko palepale.

Marekani wamejifunza haya kwa uchungu, baada ya watoto kufa na wengine kupata ulemavu wa kudumu. Mwaka 2019 tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilitoa tahadhari kwa wenye nyumba. Januari 2022 kampuni moja ilikubali kukagua na kurekebisha takriban lifti 16,800. Mwaka huohuo jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kuwalazimu wenye nyumba za likizo za kupangisha kuziba mwanya huo, baada ya mtoto wa miaka 7 kufariki mwaka 2021.

Pima leo

Huhitaji fundi ili kuanza. Chukua tepu ya kupimia, zima lifti kwa swichi yake kuu, kisha pima sehemu mbili:

• Kutoka upande wa ndani wa mlango wa nje hadi ukingo wa sakafu unapoanzia njia ya lifti. Pasizidi inchi robo tatu, yaani takriban sentimita 2.
• Kutoka mlango huo wa nje hadi sehemu ya geti iliyo mbali zaidi. Pasizidi inchi 4, yaani takriban sentimita 10.

Hivi ndivyo vipimo vya kanuni za usalama wa lifti za Marekani tangu toleo la mwaka 2016. Mwanya ukizidi hapo, usiiwashe lifti hadi fundi mwenye ujuzi aurekebishe. Mara nyingi tiba ni kifaa kigumu cha kuziba nafasi, kinachofungwa nyuma ya mlango wa nje. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya lifti.

Jaribu pia kuufungua mlango wa nje wakati kibanda kiko ghorofa nyingine. Ukifunguka, lifti hiyo isitumike: anayeufungua anaweza kutumbukia. Na stima ikipotea mtu akiwa ndani, msilazimishe milango. Mtulizeni na muite fundi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wanaosimamia majengo (Sura ya 34) inamtaka anayesimamia jengo ahakikishe wageni wako salama kwa kiasi kinachofaa. Inasema wazi kwamba ategemee watoto kutokuwa waangalifu kama watu wazima. Kwa hiyo kusema "mtoto alikuwa anacheza" si kinga. Bango la onyo nalo halitoshi ikiwa halimwezeshi mgeni kuwa salama. Mtoto wa miaka mitatu hasomi bango. Ukimpa fundi kazi, hakikisha ana ujuzi na uweke stakabadhi zake zote.

Aliyeumia naye akumbuke muda. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Piga picha, weka ripoti za hospitali, andika majina ya mashahidi. Jihadhari na wakili anayekuahidi kwamba utamlipa ukishinda tu: Sheria ya Mawakili (Sura ya 16) inakataza makubaliano hayo. Asiye na uwezo anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Jukumu la jamii

Mtoto anayeumia mara nyingi si wa nyumba ile. Ni mjukuu aliyekuja likizo, mtoto wa jirani, au mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe katika mikutano ya mtaa, vikao vya Nyumba Kumi, baraza za chifu na makundi ya wazazi shuleni. Wanaokodisha nyumba kwa wageni wa muda mfupi wapime kabla ya kumpokea mgeni mwingine. Anayejenga amuulize mchoraji na muuzaji wa lifti kuhusu mwanya kabla mlango haujawekwa, kwani wakati huo kuurekebisha ni rahisi zaidi.

Jirani mwenye tepu anaweza kuzuia kile ambacho wakili hawezi kukirudisha.