Chuo ni cha Leta, lakini nani anakilipa?

Kama una mtoto anayesoma Bukavu, kwenye Chuo Kikuu cha Serikali (UOB) ama kwenye ISP, unaijua ile simu: "Baba, wanaomba transhi ya pili." Nawe uko Kamituga, karibu kilomita 180 za barabara mbovu, na dhahabu ya juma hili haikutosha hata kununua unga. Jirani anasikia, anacheka: "Si ni chuo cha Leta? Leta hailipe?"

Swali lake si la kuchekwa.

Waulizeni wazee. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vitatu, Lovanium ya Kinshasa, kile cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti huko Kisangani, vikawa kitu kimoja, UNAZA. Wakati ule mwanafunzi alipewa bursi, kitanda na chakula. (Wengine wa umri ule wanakumbuka chakula cha restora kuliko masomo yenyewe!) Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, vyuo vikarudi kuwa vitatu, lakini pesa ilikuwa imeanza kukauka: bei ya shaba ilianguka, madeni yalipanda, na wakubwa walikula bila aibu. Oktoba 1993 serikali ilileta pesa mpya, na zaire mpya moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Hebu fikiri mshahara wa mwalimu ulikuwa kitu gani! Shule hazikufa kwa sababu wazazi walikubali kutoa "primu" ya walimu mfukoni mwao, na Kanisa liliingia katikati kupatanisha. Ilisemwa ni kwa muda tu.

Kwa shule za msingi, muda huo ulifika hadi Septemba 2019, wakati serikali ilipoanzisha masomo ya bure kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006. Lakini someni kifungu hicho vizuri: kinataja shule ya msingi. Iniversite haimo.

Na UOB yetu ilizaliwa katikati ya shida ile ile. Ilianza 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, ikajitegemea mwaka 2004. Ndiyo kusema, haikuijua kamwe ile miaka ya bursi na kitanda. Tangu siku ya kwanza iliwekwa juu ya mgongo wa wazazi.

Basi Leta inatoa nini? Inalipa mishahara ya wale walioandikwa kwenye orodha yake. Wapo waalimu na asistenti wanaofundisha miaka mingi wakingojea jina lao liingie kwenye orodha hiyo, na kwa wakati huo chuo kinajua namna ya kuwapa kidogo. Pesa ya kuendesha chuo, yaani karatasi, umeme, dawa za laboratwari, paa linalovuja, inafika kidogo ama haifiki. Pengo hilo linajazwa na minervali. Kwa hiyo unapouza gramu moja ili mtoto apande mwaka, humlipii yeye peke yake. Unalipa na chaki, na primu ya mwalimu, na mshumaa wa ofisi. Mlipaji mkubwa wa chuo cha Leta ni wewe, mama wa soko la Kadutu na baba wa shimoni. Ni haki basi uulize pesa imekwenda wapi, na kuuliza si kukosa heshima.

Tuseme pia neno la madini, kwani ndiyo maisha yetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa kodi inayoitwa redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa chefferie ama mji ambamo kampuni inachimba, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hakuna fungu lenye jina la chuo kikuu. Tena dhahabu ya wachimbaji wadogo, ile inayovuka mpaka usiku, haiachi hata senti katika mgawanyo huo. Tunachimba mali, halafu tunachimba tena ili kulipa shule! Na shimo halina huruma: Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo ya Kamituga, watu makumi wakafia humo.

Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Bodi ya Mikopo mwaka 2005: kijana anasoma, akipata kazi anarudisha. Nao wana malalamiko yao. Lakini kwetu, Bodi ya Mikopo ni mzazi, na hakuna anayemrudishia.

Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na benki zikafunga milango. Mishahara ya Leta inapitia benki. Fikirini profesa aliyebaki na nambari ya akaunti tu.

Sasa wewe ufanye nini? Kila mwaka wizara ya masomo ya juu inatoa maagizo yanayopanga malipo ya wanafunzi. Mwambie mtoto anakili bei zilizotangazwa kwenye chuo, akutumie. Lipeni kwa karatasi yenye muhuri, si mkononi mwa mtu, na karatasi zote mzitunze katika kopo moja na karatasi ya ubatizo. Malipo yasiyo na karatasi, hasa yale ya "kusaidia" alama za mtihani, msiyatoe, hata kama kijana analia kwamba wenzake wote wametoa.

Na ninyi wa mashirika: likelemba mnayochezea juu ya matanga na arusi inaweza kuwa na zamu ya minervali, mwezi wa Oktoba. Mahali ambapo kampuni inachimba, chagueni watu wawili, waende kwa mwami kuuliza kwa heshima ile 15% imefanya kazi gani mwaka huu, na kama bursi hata kumi za watoto wa kijiji zinaweza kutoka humo. Waende na daftari, waandike jibu.