Mshale Usiochorwa

Asubuhi ya Februari 28, 2017, mhandisi mmoja wa Amazon alikuwa akichunguza kwa nini mfumo wa bili wa S3, ghala la data la kampuni hiyo, unakwenda polepole. Akaandika amri ya kuondoa seva chache, akakosea sehemu moja ya amri hiyo, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondoka. Kwa zaidi ya saa nne, tovuti na programu zilizotegemea vituo vya kampuni hiyo vya Virginia ziliyumba au zikazimika kabisa. Kosa la mkono si ajabu. Mikono hukosea kila siku. Kilichostahili kushangaza ni kwamba ukurasa ambao Amazon huwaarifu wateja wake hali ya huduma ulibaki na alama za kijani kwa karibu saa mbili, kana kwamba mambo ni shwari. Mtambo wa kuubadilisha ukurasa huo nao ulikuwa unaitegemea S3 ile ile. Kengele ya moto ilikuwa imefungiwa ndani ya nyumba inayoungua.

Kati ya ukurasa ule na ghala lile palikuwa na mshale mmoja tu wa utegemezi. Katika mfumo ulikuwepo. Katika maandalizi ya siku ya dharura haukuhesabiwa. Amazon ilieleza baadaye kwamba imeusambaza mtambo huo katika kanda kadhaa ili usianguke pamoja na kanda moja. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa wakati huu ambapo mbao za kidijitali zenye akili mnemba zinanadiwa kwa ahadi ya kuchora mradi mzima wa wingu kwa dakika chache. Mchoro haujawahi kuwa ndiyo sehemu ngumu ya kupanga mradi. Sehemu ngumu ni kuugundua mshale ambao hakuna aliyekumbuka kuuchora, na hapo mashine itatufaa iwapo tutaitumia kutuuliza maswali, badala ya kutumalizia kazi.

Mbao zenyewe si ngeni. Miro ilianza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard, ikabadili jina mwaka 2019. Mural na Lucidchart ni za rika hilo hilo. FigJam ilitoka mwaka 2021, baada ya korona kuwatawanya wafanyakazi majumbani. Kimsingi zinafanana: uwanja mweupe usio na mwisho, vikaratasi vya rangi, visanduku na mishale, kila mtu akiandika kutoka alipo na wenzake wakiona papo hapo. Kwa miradi ya wingu, yaani ya kukodi seva, hifadhidata na maghala ya data badala ya kununua mitambo, ubao huo hubeba ramani ya mfumo: nini kinaongea na nini, data inaingia wapi na inatokea wapi. Juu ya hayo sasa imeongezwa akili mnemba. Ukiandika kwamba unataka duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa simu, programu hupeleka maneno yako kwa modeli ya lugha, modeli huandika orodha ya visanduku na viungo vyake, na programu huigeuza orodha hiyo kuwa picha. Ukiwa na vikaratasi themanini vya mawazo ya kikao, huvisoma, huvipanga kwa mafungu na kukuandikia muhtasari.

Inafaa kujua picha hiyo inatoka wapi. Modeli ya lugha imefunzwa kwa maandishi mengi mno, miongoni mwake ikiwa miongozo ya watoa huduma za wingu na michoro ya mfano ambayo wahandisi wameizoea. Kwa hiyo inachokupa ni mfumo wa kawaida: kigawanya mzigo mbele, seva mbili nyuma yake, hifadhidata na pacha wake, ghala la picha pembeni. Mara nyingi hilo ni jibu zuri, maana mambo hayawi ya kawaida bila kuwafaa wengi. Lakini mradi hauanguki pale unapofanana na mingine. Huanguka pale unapotofautiana nayo, na tofauti hizo hazimo katika maandishi yaliyosomwa na modeli. Zimo kichwani mwa mhasibu, mwa mtu wa mtandao, na mwa yule anayepigiwa simu saa nane za usiku.

Chukua kisanduku kilichoandikwa "nakala ya akiba". Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, la pili likaungua sehemu. Walikuwapo wateja waliogundua kwamba data yao na akiba yake vilikuwa vimeungua pamoja. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni imlipe fidia mteja mmoja ambaye nakala zake ziliwekwa katika jengo lile lile la seva yake. Mchoro wa kawaida ungemwonyesha mteja huyo kuwa amejikinga ipasavyo: hapa seva, pale nakala, mshale katikati. Kwenye ubao visanduku viwili hukaa mbalimbali kwa sababu mchoraji ameviweka mbalimbali. Umbali wa kwenye picha hausemi lolote kuhusu umbali wa kuta.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, mfano wa karibu zaidi uko chini ya maji. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020, Google ikaanza Johannesburg mwaka 2024. Timu ya Dar es Salaam ikiomba ipangiwe mfumo ulio karibu na watumiaji wake, ni busara kabisa programu kuielekeza huko. Mshale utachorwa mmoja, umenyooka. Lakini Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku hiyo kujua kwamba seva za Cape Town ni nzima kusingemsaidia mtu ambaye mawasiliano yake yote yalipita njia ya kusini. Mikongo miwili ukiihesabu kwenye karatasi ni njia na akiba yake; ikipita eneo moja la bahari, inaweza kukatika kama mmoja. Hilo halijulikani kwa kuutazama mshale. Hujulikana mtu anapouliza mshale huu unapita wapi, na mwingine anaporudi na jibu kutoka kwa kampuni inayowauzia intaneti.

Hata pesa hukaa kwenye mishale. Baadhi ya mbao hizi, Miro ikiwa mojawapo, zinaweza kukadiria gharama za mwezi za mchoro wa huduma za Amazon. Visanduku havisumbui kuhesabu, kwa kuwa seva ya ukubwa fulani ina bei yake kwa saa. Mshale wa kutoka winguni kwenda kwenye intaneti nao hulipiwa, ila bei yake inategemea kiasi kinachopita. Kwa bei iliyozoeleka ya Amazon katika kanda ya Virginia, gigabaiti 100 za mwanzo kila mwezi ni bure, kisha kila gigabaiti ni senti 9 za dola hadi kufikia terabaiti 10. Mradi wa masomo ya video unaotoa gigabaiti 5,100 kwa mwezi utalipa dola 450 kwa mshale huo mmoja. Mashine haishindwi kuzidisha. Isichojua ni kama wanafunzi watatazama kila somo mara moja au watalirudia mara tatu usiku wa kuamkia mtihani, na wakilirudia mara tatu bili inapita dola 1,300.

Upande wa vikaratasi, hatari ni ya aina nyingine. Katika miaka ya 1960 Jiro Kawakita, mtaalamu wa ethnografia wa Japani, alibuni njia ya kuandika kila wazo kwenye kadi yake, kisha kuziacha kadi zijipange kwa mafungu kadiri zinavyohusiana. Njia hiyo hujulikana kwa herufi za jina lake, KJ, na wanaobandika vikaratasi ukutani leo wanamfuata hata wasipomjua. Ndani yake mna kanuni inayosahaulika kwa urahisi: kadi isiyofanana na nyingine isilazimishwe kuingia fungu lolote, iachwe isimame peke yake, kwani huenda ndiyo iliyobeba jambo. Sasa tuseme kati ya vikaratasi themanini kimoja kimeandikwa, "Cheti cha usalama cha tovuti kinalipiwa kwa kadi ya nani?" Vingine kumi na vitano vinazungumzia usalama. Programu italiona neno usalama, itakiweka pamoja na hivyo, na muhtasari utasema kwamba timu inautilia mkazo usalama wa mfumo. Swali limekwisha kufa. Aliyeliandika alikuwa anaikumbuka kadi ya benki ya mfanyakazi mwenzao aliyeacha kazi, na siku cheti kitakapokwisha muda bila kulipiwa, kila mteja atakayefungua tovuti atakutana na onyo kwamba si salama.

Wapo watakaosema kwamba kusaka mishale iliyosahauliwa ni anasa ya makampuni makubwa. Timu ya watu watatu isiyo na mbunifu wa mifumo inahitaji mahali pa kuanzia, na mchoro wa kawaida ni bora kuliko ubao mtupu. Hoja hiyo ni ya kweli, na haipingani na ninayoyasema. Mchoro wa mashine ni orodha nzuri ya mambo ambayo wengine huyakumbuka, na timu ndogo itajifunza kutoka kwake. Kasoro huingia pale unapowekwa wa kwanza mezani. Picha iliyonyooka, yenye rangi na alama rasmi za watoa huduma, huonekana kama jambo lililokwisha amuliwa, na watu huanza kurekebisha pembe zake badala ya kuhoji msingi wake. Mchoro wa mkono uliopinda huwaalika watu kuukosoa. Basi timu hiyo ichore kwanza kwa dakika ishirini inachokijua, hata kama ni kibovu, kisha iite ule wa mashine na kuuliza kwa nini miwili inatofautiana. Kila tofauti ama ni kitu walichokisahau, ama ni kitu ambacho mashine haikijui. Pande zote mbili kuna faida.

Pingamizi la pili linagusa adabu zetu za kazi. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno, lakini hapaharibiki iwapo wengi hao wananena. Katika vikao vingi bosi akishachora, kijana aliyeajiriwa juzi hatanyanyua mkono kusema kisanduku kimekosewa. Ubao unaoruhusu vikaratasi visivyo na majina humpa nafasi, na mashine isiyoogopa mtu inaweza kuuliza kile ambacho yeye angekimeza. Hapa nakubali bila masharti, na ndiyo maana nasema iulize. Muhtasari ndio unaoweza kuirudisha sauti ya walio wengi na kumzika tena yule kijana. Mashine ile ile, ikiagizwa itafute kikaratasi kisichofanana na vingine na kukisoma kwa sauti, itamfufua. Tofauti iko kwenye agizo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la tatu: kwa nini kuchora kabisa, wakati zipo programu zinazosoma akaunti ya wingu na kutoa ramani ya mfumo kama ulivyo, kila seva na kila kiungo? Ramani hizo ni hazina, kwa sababu michoro ya zamani hudanganya na mfumo unaoishi haudanganyi. Hata hivyo, ramani ya namna hiyo haioni kadi ya benki, wala jengo, wala mkongo, wala jina la mtu wa zamu. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa muundo unaofanana na mawasiliano yaliyomo ndani yake yenyewe. Ukiisoma hoja hiyo kwa upande wa pili, mshale uliosahauliwa mara nyingi ni mazungumzo ambayo hayakufanyika, kati ya watu wa malipo na watu wa seva, au kati ya mwenye mkataba na mwenye msimbo. Mazungumzo hayo hayawezi kupakuliwa kutoka kwenye akaunti ya wingu.

Kwa hiyo mipango ya kununua programu hizi ipimwe kwa kipimo kingine, si kwa kasi ya mchoro. Kila mshale ubaoni upewe majibu matatu: kinachopita ni nini na kiasi gani, kinapita wapi kwa hakika ya majengo na nyaya, na ukikatika nani anapigiwa simu. Kisha akili mnemba iagizwe kuupitia ubao na kuorodhesha mishale isiyo na majibu, visanduku viwili vinavyotegemea kitu kimoja kisichotajwa, na kikaratasi kisicho na fungu. Kazi hiyo ya kuchunguza bila kuchoka inaiweza, na sisi ndiyo hutuchosha. Orodha itakayotoka haitapendeza macho kama ule mchoro wa dakika moja. Itakuwa na maswali kama hili: ukurasa wa kuwaambia wateja kwamba mfumo umeanguka, wenyewe umesimama juu ya nini?